Malezi ya Vijana Walio Kifungoni: Historia Fupi Tangu Kabete na Wamumu Hata Shikusa

Ni desturi ya taarifa hii ya mwaka, baada ya hesabu ya fedha na majina ya wanachama waliotutoka, kuweka makala moja ya historia, ili wazee wapate kukumbuka na walio wadogo wapate kujifunza. Mwaka huu Halmashauri imependa makala hiyo iwe juu ya vijana walio kifungoni: walifundishwa nini humo tangu zamani, na nani, na kwa faida gani. Kazi ya kuandika imeniangukia mimi karani, nami nitajitahidi kuieleza habari hii kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi.

Sababu ya kulichagua jambo hili haiko mbali. Mji wetu wa Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, una gereza la wanaume na gereza la wanawake. Una nyumba ya watoto wanaongojea kesi zao. Na huko Kimumu iko hosteli ya idara ya probesheni, ambamo vijana walio chini ya uangalizi wa mahakama hufundishwa kazi za mikono. Tangu Langas hata Huruma, na tangu Munyaka hata Maili Nne, si rahisi kupata mtaa ambao haujatoa kijana aliyepita katika mmojawapo wa milango hiyo. Hao ni watoto wetu. Basi habari hii si ya watu wengine, ni yetu.

MALEZI KABLA YA MAGEREZA

Wazee wetu hawakuwa na magereza. Aliyeiba ng'ombe, ukoo wake ulilipa. Aliyemwaga damu, ukoo wake ulilipa zaidi. Na aliyeshindikana kabisa alitengwa. Lakini kijana hakuachwa hivi hivi mpaka akose ndipo afundishwe. Katika nchi hii ya Uasin Gishu na jirani zake, Wanandi na Wakeiyo waliwaweka vijana wao katika menjo, nyumba ya faragha baada ya tohara, na huko waalimu walioitwa motirenik waliwafundisha adabu, siri za rika, kuvumilia taabu na kuwaheshimu wakubwa. Waluhya, Wagikuyu na wengineo ambao leo ni wanachama wenzetu walikuwa na taratibu zao za namna hiyo.

Tukiyatazama malezi hayo kwa makini twaona yalikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kijana aliondolewa katika maisha yake ya kila siku. Pili, alifundishwa na mtu aliyemjua kwa jina na aliyewajibika juu yake. Tatu, siku ya kutoka ilikuwa sikukuu: watu wote walikusanyika kumpokea, naye aliingia katika jamii akiwa na cheo kipya, wala hapakuwa na ruhusa ya kumwita tena kwa mambo yake ya utotoni. Naomba wasomaji waishike sana sehemu hii ya tatu, maana katika historia yote tutakayoieleza hapa chini, ndiyo iliyosahauliwa mara nyingi kuliko nyingine.

KABETE NA FIMBO

Serikali ya kikoloni ilipokuja ilileta sheria nyingi mpya, na pamoja na sheria ilileta makosa mapya. Mvulana aliyekimbia shamba la mzungu alikoajiriwa, au aliyeonekana akizurura mjini bila kazi, alikuwa mkosaji, ingawa kwao hakuna mzee ambaye angemhukumu kwa jambo hilo. Adhabu iliyopendwa zaidi na mahakimu kwa wavulana ilikuwa viboko. Haikugharimu kitu, ilimalizika upesi, na mvulana aliweza kurudishwa kazini siku ile ile. Kwamba ilimfundisha jambo gani, halikuwa swali lililoulizwa sana.

Hata hivyo, mnamo mwanzo wa karne ya ishirini ilifunguliwa huko Kabete, karibu na Nairobi, nyumba ya kwanza ya kuwarekebisha wavulana. Humo walifanyishwa kazi ya shamba na kufundishwa ufundi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya watoto iliyoweka mahakama zao mbali na za watu wazima, na nyumba za namna ya Kabete zikawa shule zilizokubaliwa na Serikali kwa kazi hiyo. Ndizo ambazo watu wetu waliziita Aprovu, na jina hilo lilitumiwa na wazazi kuwatisha watoto wakaidi kwa muda mrefu. Mwaka 1943 ikafuata sheria ya probesheni, iliyomwezesha hakimu kumwacha mkosaji nyumbani chini ya uangalizi wa ofisa badala ya kumpeleka jela.

Hatua hizo zilikuwa njema kwa maandiko. Lakini shule zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi, na wengi wao waliendelea kukutana na fimbo, au kulala chumba kimoja na wezi waliokubuhu. Tena, Kabete ilikuwa na upungufu uliokuja kuonekana baadaye mahali pengi: mvulana alifundishwa useremala, kisha akaachiliwa langoni aende zake, hana msumeno, hana barua, hana mtu.

WAMUMU

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari nchini Kenya. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata watu makumi ya maelfu, hasa Wagikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakapelekwa katika kambi za kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Kambi kubwa ilikuwa Manyani, katika nyika ya kuelekea pwani. Miongoni mwa watu wazima wale walikuwamo wavulana wengi ambao hawajaota hata ndevu. Wengine walikamatwa kwa sababu ya baba zao, wengine kwa kuonekana njiani saa mbaya.

Mwaka 1955 wavulana hao walianza kutolewa Manyani na kupelekwa Wamumu, katika tambarare ya Mwea, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, na sasa imo katika kaunti ya Kirinyaga. Kazi hiyo ilikuwa chini ya idara ya Maendeleo na Urekebishaji, ambayo mkuu wake alikuwa Bwana Thomas Askwith. Miongoni mwa maofisa waliopelekwa kuiongoza kambi alikuwa kijana wa kizungu, Geoffrey Griffin, ambaye umri wake ulikuwa kama miaka 22 tu. Huyu aliacha jeshi kwa kuchukizwa na mambo aliyoyaona katika vita vile. Wanachama wa Eldoret watapenda kujua kwamba alizaliwa katika mji wetu huu, tarehe 13 Juni 1933.

Wamumu haikuwa na desturi sawa na kambi nyingine. Wavulana waliamka alfajiri, wakafanya gwaride, wakaingia darasani kujifunza kusoma, kuandika na hesabu. Walifundishwa useremala, uashi, ushonaji na kilimo. Walicheza mpira na kushindana na timu za nje. Walikuwa na viranja wao wenyewe, na mengi ya utaratibu wa kambi yaliwekwa mikononi mwao. Hata tohara ilifanyika humo kwa wale ambao wakati wao ulikuwa umefika, ili wasirudi makwao wakiwa watoto mbele ya wenzao. Jambo hilo lilionyesha akili, maana aliyeliamua alitambua kwamba mvulana hawezi kuambiwa awe mtu mwema kabla hajakubaliwa kuwa mtu.

Lakini lililoitenga Wamumu zaidi ya yote lilitendeka langoni. Maofisa waliwaandikia waajiri, wakawatafutia wavulana kazi kabla hawajaachiliwa. Kijana alitoka na cheti mkononi na kazi inayomngoja. Haukupita muda mrefu jina la Wamumu likaanza kuwa sifa. Waajiri waliokuwa na hofu mwanzoni wakaanza kuomba kupewa vijana wa huko.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Wamumu ilikuwa kizuizi. Wavulana hawakuulizwa kama wataka kwenda, na wengi wao hawakuwa na kosa lolote la kurekebishwa. Basi si ajabu kwamba walirekebika upesi. Serikali nayo iliipenda kambi hiyo kwa sababu iliweza kuwaonyesha wageni kutoka Uingereza, huku mambo ya kambi nyingine yakifichwa. Bwana Askwith mwenyewe alipolalamika mwaka 1957 juu ya vipigo vilivyokuwa vikitolewa kwa mahabusu, aliondolewa katika kazi ya urekebishaji. Na wasichana hawakuwa na Wamumu yao. Mwaka 1956 Bibi Eileen Fletcher, aliyekuwa ofisa wa urekebishaji kisha akajiuzulu, aliandika katika gazeti moja la Uingereza kwamba aliwaona katika gereza la Kamiti wasichana wadogo wa miaka 11 na 12. Habari hiyo ilizua maswali mengi katika Bunge la huko.

Basi hatuisifu Wamumu kama watu waliosahau. Twasema tu kwamba hata ndani ya jambo baya lilipatikana fundisho moja la kweli, nalo ni hili: kijana aliyefundishwa kazi na kuandaliwa pa kwenda, husimama, aliyefundishwa kazi na kusukumwa nje, huanguka pamoja na ufundi wake.

MATUNDA YALIYOTOKA WAMUMU

Fundisho hilo halikufa Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960. Wamumu yenyewe iligeuka kuwa mojawapo ya shule za kurekebisha watoto, na ipo hata leo. Bwana Griffin aliitwa Nairobi kusaidia vijana waliojaa mitaani, wengi wao wakiwa yatima wa vita vile. Mwezi wa Novemba 1959, pamoja na Waafrika wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha kituo cha wavulana cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati. Shule hiyo ilikuja kuhesabiwa miongoni mwa shule bora kuliko zote nchini, na mpaka leo hupokea watoto maskini bila ada. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, likaundwa Jeshi la Vijana wa Taifa, na Griffin akawa mkurugenzi wake hata mwaka 1988. Katika jeshi hilo vijana walijenga barabara, wakafyeka mapori, kisha wakafundishwa ufundi. Griffin alifariki mwezi wa Juni 2005, akiwa bado mkurugenzi wa Starehe.

Tukiipima safu hiyo ya mambo, yaani kambi ya kizuizini, kisha kituo cha watoto wa mitaani, kisha jeshi la vijana wa taifa zima, twaona wazo moja likitembea. Lilianza kwa walio kifungoni, likaishia kwa watoto wa watu wote. Mara nyingi wanachama huuliza, na swali lao ni la haki: Je, yampasa kijana aibe ndipo afundishwe ufundi, huku ndugu yake mwaminifu akikaa nyumbani bila kazi? Swali hilo liliulizwa hata wakati wa Wamumu, na watu waliosema kwamba watoto wa watiifu wameachwa nyuma. Jibu la kweli lililopatikana halikuwa kuwanyima walio ndani, bali kuwafikishia walio nje mafundisho yale yale.

BORSTAL YA SHIKUSA NA YA SHIMO LA TEWA

Sasa na tuje katika nyakati zetu. Borstal ni jina la kijiji kimoja cha Uingereza, ambako mwaka 1902 lilianzishwa gereza la majaribio la vijana, ili wasichanganywe na wafungwa wazima, na wapate kufundishwa badala ya kuadhibiwa tu. Sheria ya huko ya mwaka 1908 ikaeneza mpango huo. Waingereza wenyewe waliufuta mwaka 1982. Sisi tuliupokea kwa sheria ya mwaka 1963, nao ungali nasi, pamoja na jina lake. Borstal mbili za kwanza ziliwekwa Shikusa, katika Kakamega, na Shimo la Tewa, kwenye pwani ya Mombasa. Wasichana walikaa muda mrefu bila ya kwao. Siku hizi iko ya Kamae, karibu na Kamiti.

Vijana wanaopelekwa Borstal ni wa umri wa miaka 15 hata kabla ya kutimiza 18, na muda wao hauzidi miaka 3. Waliozidi umri huo kidogo, wa miaka 17 hata 21, ambao kosa lao ni la kwanza, huweza kupelekwa Kamiti katika kituo chao maalumu, ambako hukaa miezi 4 tu chini ya nidhamu kali na mafunzo. Kwa sisi watu wa Eldoret Shikusa ndiyo iliyo karibu, na ndiko wavulana wetu wengi hupelekwa.

Huko Shikusa iko shule ya msingi na ya sekondari, na wavulana hufanya mitihani ya taifa kama wenzao wa nje. Ziko karakana za useremala, uashi na ushonaji, na liko shamba. Aliyejifunza ufundi hufanya mtihani wa daraja wa Serikali na kupata cheti, na cheti hicho ni sawa na cha fundi yeyote mwingine. Wapo mapadri, wachungaji na maimamu waendao kuwafundisha dini, na wapo washauri nasaha wanaozungumza nao mmoja mmoja.

Umeingia pia mpango mmoja ambao ningependa wanachama waufahamu vizuri, maana wengi hudhani ni wa shule kubwa peke yake. Mwaka 1956 Prince Philip wa Uingereza alianzisha tuzo ya vijana. Mwaka 1966 tuzo hiyo ilianzishwa Kenya kwa jina la Tuzo ya Rais, Mzee Jomo Kenyatta akiwa mlezi wake wa kwanza. Ina madaraja matatu, ya shaba, ya fedha na ya dhahabu, kwa vijana wa miaka 14 hata 24. Anayetaka daraja la shaba hujitahidi kwa muda usiopungua miezi 6 katika mambo manne: kuwatumikia wengine bila malipo, kujifunza ustadi, kufanya mazoezi ya mwili, na kufunga safari ya taabu kwa miguu pamoja na kikundi chake, ikiwa ni pamoja na kulala nje. Daraja la dhahabu huongeza jambo la tano, yaani kuishi na kufanya kazi kwa siku kadhaa pamoja na watu wasiojuana naye.

Mpango huo umepelekwa hata katika shule za urekebishaji na katika Borstal, nao wafaa sana huko kwa sababu tatu. Kwanza, hakuna mashindano: kijana hapimwi kwa mwenzake, hupimwa kwa yale aliyokuwa jana. Aliyezoea kuambiwa kila siku kwamba ni wa mwisho, hapo hana wa kumshinda. Pili, humtaka atumikie wengine, na mtu aliyezoea kuchukua hujifunza ladha ya kutoa. Tatu, nishani anayopata mvulana wa Borstal ni ile ile anayopata mwanafunzi wa shule yenye sifa kuliko zote. Haina alama ya gereza juu yake. Na wazee watakuwa wamekwisha tambua kwamba safari ile ya taabu, ya kutembea kwa kikundi na kulala porini chini ya mwalimu, si ngeni kwetu. Ni jamaa wa karibu wa menjo.

SHERIA ZILIZOGEUKA

Katika miaka ya karibuni sheria zimegeuka sana, nami nazitaja kwa ufupi ili wazazi wajue haki ya watoto wao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela au viboko, na zile Aprovu zikaitwa shule za urekebishaji. Mwaka 2003 viboko viliondolewa kabisa katika adhabu za mahakama, hata kwa watu wazima. Katiba ya mwaka 2010 ilisema kwamba mtoto asiwekwe kizuizini ila kama njia nyingine zote zimeshindikana, na iwe kwa muda mfupi kabisa, tena mbali na watu wazima. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kushitakiwa kutoka miaka 8 hata 12. Kadhalika, tangu sheria ya mwaka 1998, hakimu aweza kumpa mwenye kosa dogo kazi ya huduma kwa jamii badala ya kumfunga.

Mzazi ambaye mtoto wake amekamatwa na asijue mambo haya, huenda akamwacha aende kwa sababu ya hofu au aibu. Ofisa wa probesheni akija nyumbani kuuliza habari za mtoto kabla ya hukumu, wako wazazi wanaojificha, wakidhani amekuja kuwashitaki. Kumbe ripoti yake ndiyo yaweza kumrudisha mtoto nyumbani. Mzazi asipoonekana, hakimu aona mtoto asiye na mtu, na mtoto asiye na mtu hupelekwa mbali.

MLANGO WA KUTOKEA

Sasa nimefika penye kiini cha makala hii. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja nchi yetu imejifunza, polepole na kwa makosa mengi, namna ya kumfundisha kijana aliye kifungoni. Kutoka fimbo tumefika karakana, kutoka karakana tumefika darasa, kutoka darasa tumefika nishani. Lakini sehemu ya tatu ya malezi ya wazee wetu, ile ya kumpokea anayetoka, haiwezi kufanywa na gereza. Gereza laweza kumtengeneza mtu, haliwezi kumkaribisha. Hilo ni la watu wa nyumbani.

Na sisi watu wa nyumbani twafanyaje? Tuseme kweli. Kijana akirudi kutoka Shikusa, jirani hufungia kuku. Kikipotea kitu mtaani, mlango wa kwanza kubishwa ni wake. Fundi mwenye karakana humsifu kwa kazi aliyoiona, kisha akisikia alikojifunzia husema nafasi imejaa. Huyo kijana ana cheti cha uashi, lakini hana mwiko wala timazi, wala hana fedha ya kununua. Wanaompokea kwa furaha ni wale wenzake wa zamani, waliomngoja. Hao hawamwulizi alikotoka. Twastaajabu akirudi jela kabla ya mwaka kwisha, nasi husema, "Mwaona? Hakurekebika." Haitupasi kustaajabu. Amekwenda alikopokewa.

Wazee wetu husema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mhunzi akivunjikiwa na koleo, huunga nyingine akaendelea, kwa sababu kazi bado ipo. Kijana aliyevunjika si mwisho wa ukoo wake, wala si mwisho wa mtaa wake, maadam wapo wenye moto na nyundo.

Wanachama watakumbuka namna vyama kama hiki chetu vilivyoanza katika miji ya Kenya. Waafrika waliokuja mjini kutafuta kazi walikuwa wageni. Mmoja alipofariki hapakuwa na wa kumpeleka kwao. Basi watu walichanga senti zao ili maiti ya mwenzao isizikwe kama ya asiye na watu. Ilikuwa kazi ya heshima, nasi tunaiendeleza hata leo. Tazameni hesabu ya fedha katika kurasa za mbele: hakuna fungu linalolipwa upesi na bila ubishi kama fungu la mazishi. Mtu akifa, sote twajua la kufanya. Gari hupatikana, sanduku hununuliwa, wazee husafiri usiku kucha. Je, mtoto wa mwanachama akirudi akiwa hai, baada ya kuhesabiwa kuwa amepotea, nani kati yetu hupanda gari kwenda kumpokea? Maiti hupata wasindikizaji arobaini. Aliye hai hutoka langoni peke yake, na mfuko wa plastiki mkononi.

Kwa hiyo Halmashauri imeniruhusu kuyaleta mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne, nayo si mazito.

Kwanza, kila mwanachama ambaye mtoto wake amekamatwa amwarifu Katibu mapema bila haya, ili wazee wawili wafuatane naye mahakamani na kwa ofisa wa probesheni. Hakimu akiona mvi nyuma ya mtoto, hujua kwamba mtoto ana watu.

Pili, walio Shikusa wapate kutembelewa kwa zamu. Safari moja kila baada ya miezi mitatu yaweza kulipwa na Chama bila kukiumiza. Kijana anayetembelewa hukumbuka kwamba kuna mahali anakongojewa.

Tatu, liwekwe fungu dogo la vyombo vya kazi. Asitolewe mtu yeyote fedha mkononi. Apewe msumeno na randa, au mwiko na timazi, au akopeshwe cherehani kwa masharti, mbele ya mdhamini. Na mafundi walio wanachama, ambao nawajua kuwa si wachache, wakubali kila mmoja kuchukua kijana mmoja chini yake kwa miezi sita.

Nne, na hili halina gharama kabisa, siku ya kurudi kwa kijana wazee wa mtaa wake waketi naye, wasikie maneno yake, na kama alimdhulumu mtu, aombe radhi na kufanya suluhu kwa desturi. Baada ya hapo iwe ni mwiko kwa mwanachama yeyote kumtaja kwa kosa lake. Wale waliotoka menjo hawakuitwa tena kwa majina yao ya utotoni. Na iwe hivyo hivyo.

Natambua kwamba wapo wanachama walioibiwa, na wengine walioumizwa na vijana kama hawa. Uchungu wao ni wa haki, wala makala hii haisemi kosa si kosa. Yasema tu kwamba kifungo kina mwisho, na siku ya mwisho wake kijana yule atarudi katika mtaa ule ule, apite mbele ya duka lile lile. Hatuna hiari juu ya kurudi kwake. Hiari tuliyo nayo ni juu ya namna atakavyotukuta.

Mambo hayo manne yatapigiwa kura katika Mkutano Mkuu, na wazee waombwa kufika bila kukosa. Aliye na mtoto kifungoni asikae nyuma. Nafasi yake ni mbele, pamoja nasi.

Ndimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama